Kipindupindu: Bahari Ina Bakteria Wake, Vyoo Ndivyo Vinavyoamua

Kila mlipuko wa kipindupindu unapotangazwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, swali la kwanza huwa lile lile: nani kaja nacho? Hutafutwa abiria wa boti, wavuvi waliotoka dago, au msiba uliokusanya watu wa mkoa jirani. Mara nyingi anayetafutwa hupatikana kweli, kwa kuwa ugonjwa huu husafiri matumboni mwa watu. Lakini ndani ya swali hilo imejificha dhana kwamba kabla ya mgeni huyo kufika, maji yetu hayakuwa na bakteria wa aina hiyo. Dhana hiyo si sahihi. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ni kiumbe wa majini kwa asili yake. Huishi kwenye maji ya mwambao yenye chumvi kiasi, kwenye milango ya mito na mikokoni, akiwa ameng'ang'ania miili ya planktoni, yaani mimea na wanyama wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na mkondo. Wapo wanaoichukia habari hii kwa kuiona kisingizio cha kuitupia bahari lawama za halmashauri, na wapo wanaoipuuza kama mambo ya maabara yasiyomhusu mtu wa Manzese, Dar es Salaam. Nadhani wote wanakosea. Ukiichunguza vizuri, habari hii haiupunguzi hata chembe wajibu wa wanaosimamia maji na maji taka. Inauongeza, na inaufanya uwe wajibu usio na tarehe ya mwisho.

Tuanze na anayembeba. Miongoni mwa planktoni walio wanyama, wanaopatikana kwa wingi zaidi baharini ni kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba na kaa, ambao wengi wao hawafikii hata milimita 2 kwa urefu. Hula mwani mdogo unaoelea, nao huliwa na makinda ya samaki na dagaa, kiasi kwamba bila wao nyavu nyingi zingerudi tupu. Gamba la kopepodi limejengwa kwa kaitini, kitu kile kile kinacholifanya gamba la kamba kuwa gumu, na kila anapokua hulivua la zamani na kuliacha lizame. Kaitini inayozalishwa baharini kwa mwaka hukadiriwa kwa mabilioni ya tani. Kama pasingekuwa na wa kuivunjavunja, kaboni na naitrojeni nyingi mno ingelala bure kwenye tope la chini. Bakteria wa jamii ya Vibrio ni miongoni mwa wavunjaji wakuu. Hujishika kwenye gamba, huzaliana hadi kufanya utando, humwaga vimeng'enya vinavyoiyeyusha kaitini, kisha hula sukari inayotoka humo. Kopepodi mmoja anaweza kuwa amebeba maelfu ya bakteria hawa, hata makumi ya maelfu. Kwa hesabu za bahari, basi, kiumbe tunayemhusisha na uchafu kuliko wengine wote ni mfanya usafi.

Linalovutia zaidi ni namna anavyojishika. Mwaka 2005 ilibainika kwamba protini moja, ambayo wanasayansi wameipa jina la GbpA, humsaidia Vibrio cholerae kunata kwenye kaitini ya kopepodi na pia kwenye utumbo wa mwanadamu. Sababu ni kwamba kaitini imejengwa kwa sukari ambayo imo pia kwenye ute unaotanda ukuta wa utumbo wetu. Bakteria huyu hakuhitaji kubuni chombo kipya ili atuingie, maana kile anachokitumia baharini kila siku kinamtosha. Hapa ndipo ninapoona mtazamo wetu wa kawaida ukiyumba. Tumezoea kumfikiria kama kimelea wa binadamu anayetorokea majini kwa muda, wakati ushahidi unaonyesha kiumbe wa majini anayeingia matumboni kwa nafasi anazopewa. Akishaingia, akiwa na sumu, anaweza kumfanya mgonjwa mahututi apoteze hadi lita moja ya maji kwa saa, na katika kila lita hiyo hurudi nje kwa wingi kuliko alivyoingia. Utumbo wa mtu humzidisha haraka kuliko gamba lolote. Jambo hilo tulikumbuke, kwa sababu hoja nzima itaishia hapo.

Mtazamo wa zamani haukuzuka hivi hivi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha London kwamba wengi wa waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya mtaa wa Broad Street, na mwaka huo huo Filippo Pacini alimwona bakteria mwenyewe kwa hadubini huko Florence, ingawa karibu hakuna aliyemsikiliza. Miaka 30 baadaye Robert Koch alimtenga na kumwotesha akiwa Calcutta. Kutoka hapo likajengeka fundisho lililodumu karibu karne nzima: kipindupindu hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia maji na chakula chenye kinyesi, na nje ya mwili bakteria hufa baada ya siku chache. Fundisho hilo liliokoa watu wengi, kwa sababu nusu yake ya kwanza ni ya kweli kabisa. Nusu ya pili ndiyo iliyotetereka. Katika miaka ya 1970 mwanabaiolojia wa Marekani, Rita Colwell, na wenzake walimpata Vibrio cholerae kwenye maji ya Ghuba ya Chesapeake, mahali pasipokuwa na mgonjwa hata mmoja. Madaktari wengi hawakutaka kusikia. Mwaka 1982 kundi lake lilieleza kwamba mazingira yakiwa mabaya, bakteria huyu hupunguza shughuli zake hadi asiweze kuoteshwa maabara ilhali bado yu hai. Ndiyo maana waliomtafuta kwa njia za kawaida katika miezi isiyo na wagonjwa waliambulia patupu na kudhani ameondoka. Mwaka uliofuata Anwar Huq, mtafiti kutoka Bangladesh, akiwa na Colwell na wengine, alichapisha ushahidi wa maabara kwamba bakteria hawa hujishika na kuongezeka juu ya kopepodi walio hai.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote haukuhitaji vyombo vya gharama. Vibrio cholerae ana urefu wa maikroni chache tu, yaani sehemu chache kati ya elfu za milimita, na hupenya kwenye nguo yoyote. Sari ya zamani iliyofuliwa mara nyingi, ikikunjwa mikunjo minne au zaidi, hubaki na matundu ya takriban maikroni 20. Kama bakteria wangekuwa wanaogelea peke yao, kuchuja maji kwa sari kungekuwa kazi bure. Lakini kama wengi wao wamepanda kopepodi, nguo itawazuia kopepodi na kuwazuia bakteria pamoja nao. Colwell, Huq na wenzao walilijaribu jambo hilo katika vijiji 65 vya eneo la Matlab, Bangladesh, vyenye watu wapatao 133,000, na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Katika vijiji vilivyochuja kwa sari, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48. Wanawake wa mwambao wetu, ambao wamechuja maji kwa kanga tangu zamani ili kuondoa takataka, wangeielewa mantiki hiyo bila mhadhara. Hata hivyo asilimia 48 si 100, na nguo haichukui nafasi ya kuchemsha wala klorini. Thamani ya jaribio lile ni kwamba lilithibitisha jambo la kibaiolojia mtaani, nje ya chupa za maabara: sehemu kubwa ya dozi inayomwangusha mtu humfikia ikiwa juu ya mgongo wa planktoni.

Gamba la kopepodi lina kazi nyingine ambayo haikujulikana hadi juzi juzi. Si kila Vibrio cholerae anasababisha kipindupindu. Kuna makundi zaidi ya 200 ya bakteria huyu, na yaliyowahi kuleta milipuko mikubwa ya ugonjwa huu ni mawili tu, O1 na O139. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba hata sumu yenyewe si mali ya bakteria kwa asili. Vinasaba vyake huletwa na kirusi kinachoshambulia bakteria, na aliyekosa kuambukizwa kirusi hicho huwa hana sumu hiyo. Wengi wa wanaoelea baharini hawana. Kisha mwaka 2005 ikagunduliwa kwamba Vibrio cholerae anapokuwa juu ya kaitini, kaitini yenyewe humwamsha aanze kunyonya vipande vya DNA vilivyo karibu naye na kuvitia kwenye jenomu yake. Miaka 10 baadaye ikaonekana kwamba juu ya gamba hilo hilo huwachoma bakteria wengine hadi wapasuke, kisha huchukua vinasaba vyao. Hili si la nadharia tu. Mwaka 1992 kundi O139 liliibuka India na Bangladesh na kuwaangusha hata watu wazima waliokuwa na kinga dhidi ya O1, na mwaka 2007 watafiti walifanikiwa kumgeuza O1 kuwa O139 maabara kwa kuwaotesha juu ya kaitini. Palipo na kopepodi wengi, bakteria wengi na maji taka yanayoleta aina mpya kutoka matumboni, pana nafasi kubwa ya vinasaba kubadilishana mikono.

Hadi hapo msomaji makini atakuwa na pingamizi, nalo ni zito. Kama bahari ndiyo kwao, mbona milipuko mikubwa hufuata nyayo za watu? Wataalamu wa jenomu wamelijibu swali hilo kwa namna isiyowapendeza wapenzi wa planktoni. Mwaka 2017 kundi la kimataifa lilichapisha uchambuzi wa jenomu za bakteria 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, waliokusanywa kwa muda wa miaka 49. Milipuko yote mikubwa ilitokana na ukoo mmoja wa O1, ule wa janga la saba la kipindupindu duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961, na ukoo huo uliingia Afrika si chini ya mara 11 tangu mwaka 1970, zaidi ukitokea Asia. Peru nayo, ambayo mwaka 1991 ilipata wagonjwa zaidi ya 300,000 na ambako wengi walidhani El Niño na planktoni ndio chanzo, imeonekana kupata ukoo wa bakteria uliotoka Afrika. Na Haiti hakuna ubishi tena. Oktoba 2010 ugonjwa ulianzia kwenye mto ulio chini ya kambi ya walinda amani waliotoka Nepal, kisha ukaua watu karibu 10,000, na mwaka 2016 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, akaomba radhi hadharani. Hata historia yetu inasema hivyo hivyo. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia ugonjwa ulivyoshuka kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, kisha ukavuka kuja Unguja. Hakujua jenomu ni nini, lakini njia za misafara alizijua.

Pingamizi hilo nalikubali lote, kwa sababu ushahidi wake hauna mwanya. Kwa tunayoyajua sasa, bahari ya Afrika Mashariki haijazaa yenyewe mlipuko mkubwa wa kipindupindu. Wanaosema joto la bahari likipanda basi kipindupindu kitatoka majini na kuingia mitaani wanaruka hatua muhimu kuliko zote. Lakini wanaotoka hapo na kuhitimisha kwamba bakteria wa baharini hawatuhusu nao wanaruka hatua yao. Ipo mifano inayoziunganisha pande hizi mbili, na ajabu ni kwamba hutajwa mara chache sana katika mijadala yetu.

Mwaka 1973 mtu mmoja wa pwani ya Texas aliugua kipindupindu bila kusafiri popote. Mwaka 1978, Louisiana, watu 11 waliambukizwa baada ya kula kaa waliotoka kwenye vinamasi vya maji ya chumvi vya pwani, wakiwa hawajaiva vizuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba huyu hakuwa bakteria wa safarini. Alikuwa O1 mwenye sumu kamili, wa ukoo wa Ghuba ya Mexico, anayeishi humo, na ambaye ameendelea kumwangusha mtu mmoja mmoja miaka iliyofuata. Mito ya Queensland, Australia, nayo ilikutwa na ukoo wake wenye sumu kuanzia miaka ya 1970. Kote huko kuna bakteria halisi, mwenye sumu halisi, kwenye maji ya joto yenye planktoni tele, miongo kwa miongo. Mlipuko haujatokea. Kinyesi cha wagonjwa wale kiliishia kwenye mabomba ya maji taka badala ya kurudi kwenye maji ya kunywa ya jirani, na bakteria akakosa utumbo wa pili. London ilipitia hivyo hivyo kwa njia chungu zaidi. Mlipuko wake wa mwisho, wa mwaka 1866, ulishika mashariki mwa jiji, mahali ambapo mfumo mpya wa maji taka ulikuwa haujakamilika. Leo Bahari ya Kaskazini, ambamo mto Thames unamwaga maji yake, ina Vibrio, lakini hakuna anayeishi London kwa hofu ya kipindupindu.

Kwa hiyo mambo haya mawili hayagombani. Baharini bakteria anadumu na kubadilika, matumboni anaongezeka kwa kasi, na vyoo pamoja na mabomba ndivyo vinavyoamua kama njia kati ya matumbo itakuwa wazi au imezibwa. Ukilitazama hivyo, planktoni inaeleza mambo ambayo wasafiri peke yao hawayaelezi vizuri. Haiti tena: kati ya Februari 2019 na Oktoba 2022 haikuthibitishwa kuwa na mgonjwa hata mmoja, wataalamu wakaanza kusema ugonjwa umekwisha, halafu ukarudi. Bakteria walioshikwa mwaka 2022 walipochunguzwa walionekana kuwa ndugu wa karibu sana wa wale wa 2010. Wapo wanaosema waliendelea kupita chini kwa chini kwa watu wasioonyesha dalili, na wapo wanaosema walijihifadhi majini. Huenda ni yote mawili. Somo ni kwamba bakteria aliyeletwa na wageni anaweza kupata uenyeji kwenye maji yasiyo yake, na akishaupata, kufunga mpaka hakusaidii tena.

Planktoni inaeleza pia suala la wakati. Bangladesh hupata vilele viwili vya ugonjwa kwa mwaka, kabla na baada ya mvua kubwa, na mwaka 2000 watafiti walionyesha kwa picha za setilaiti kwamba joto na kimo cha maji ya Ghuba ya Bengal vilikwenda sambamba na idadi ya wagonjwa. Kwetu, uchambuzi wa takwimu za Zanzibar uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba joto likipanda kwa nyuzi 1, wagonjwa huongezeka mara mbili baada ya miezi 4, na mvua ikizidi kwa milimita 200, wagonjwa huongezeka mara 1.6 baada ya miezi 2. Takwimu za namna hii zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa mvua hiyo hiyo inayoshusha rutuba baharini na kuamsha mwani ndiyo inayojaza vyoo vya shimo na kuviunganisha na visima. Haiwezekani kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha ongezeko kilitokana na kopepodi na kiasi gani na kinyesi. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden waliripoti kwamba vinasaba vya Vibrio cholerae mwenye sumu vimeonekana kwenye milango ya mito ya Tanzania. Agosti mwaka huo huo Dar es Salaam iliingia katika mlipuko ambao hadi mwaka 2018 ulikuwa umeleta wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500 nchini. Sidai kwamba la kwanza lilileta la pili. Nadai kwamba jiji lenye maji kama hayo halina sababu ya kushangaa.

Halafu kuna joto lenyewe. Tangu mwaka 1931 meli za kawaida za biashara zimekuwa zikivuta nyuma yake chombo kilichobuniwa na Alister Hardy, kinachonasa planktoni kwenye utepe wa hariri, na sampuli zake zimehifadhiwa kwa miongo mingi. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Luigi Vezzulli walitoa DNA kwenye sampuli za Atlantiki ya Kaskazini na Bahari ya Kaskazini za kuanzia mwaka 1958, wakakuta kwamba sehemu ya bakteria wa jamii ya Vibrio imekuwa ikiongezeka pamoja na joto la maji. Bahari ya Hindi nayo inapata joto kwa kasi, na kwetu hakuna kumbukumbu ndefu kama hiyo ya kutuambia kinachotokea. Hilo nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko tunavyodhani.

Wasomaji wa Kigoma, Kalemie, Goma au Bujumbura watasema haya ni mambo ya watu wa pwani. Wana hoja. Wagonjwa wengi wa kipindupindu katika Afrika kusini mwa Sahara huripotiwa bara, na kingo za maziwa Kivu na Tanganyika ni miongoni mwa sehemu ambazo ugonjwa haukomi kabisa. Ni kweli kwamba Vibrio cholerae huvumilia maji yasiyo na chumvi kuliko ndugu zake wengi, na kopepodi wamo maziwani pia. Hata hivyo sitaki kuilazimisha hoja ya planktoni iende mahali ambapo ushahidi wake ni mwembamba. Huko, wakimbizi, vita, masoko ya samaki na ukosefu wa maji safi vinatosha kueleza mengi. Linalobaki kuwa kweli kwa wote ni kwamba bakteria anayeweza kuishi majini bila binadamu hafutiki kama ndui ilivyofutwa. Ndui ilikuwa na binadamu tu, na mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipopona, Somalia, mwaka 1977, kirusi hakikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Linanisumbua zaidi pingamizi la kisiasa. Kiongozi anayesikia kwamba bakteria anatoka baharini atapata la kusema, kwamba ni mambo ya asili, ni tabianchi, hakuna aliyekosea. Mwingine atapiga marufuku kuuza samaki na kuvunja vibanda vya mama lishe, kwa kuwa hatua hiyo huonekana kwenye televisheni siku hiyo hiyo. Kwa wa kwanza, jibu ni Louisiana. Mahali pale asili iliweka bakteria mwenye sumu kabisa na bado watu hawakufa kwa maelfu, kwa hiyo wanapokufa kwa mamia mahali pengine, asili haiwezi kubebeshwa lawama hizo. Kwa wa pili, jibu liko jikoni. Samaki au dagaa aliyeiva hana hatari hiyo. Uangalifu unahitajika kwa vyakula vyenye gamba nene: katika uchunguzi ule ule wa Louisiana, kaa waliochemshwa dakika 8 walikutwa bado na bakteria walio hai. Kumwambia mama lishe achemshe kaa zaidi ya dakika 10, na asioshee sahani kwa maji ya kisima kilicho jirani na choo, kuna faida kuliko kumfukuza barabarani.

Jinsi tunavyopambana sasa, kila mlipuko ni vita mpya. Kambi za wagonjwa hufunguliwa, klorini hugawiwa, kamati huundwa, halafu wagonjwa wakipungua kila kitu hukunjwa hadi safari nyingine. Utaratibu huo una mantiki kama adui ni mgeni aliyeondoka. Kwa adui ambaye hajaenda popote, kipindi kisicho na wagonjwa ndicho kipindi cha kazi. Yapo yanayowezekana bila kusubiri mabilioni. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya iliyopo Mombasa huchunguza planktoni na joto la maji, na wizara za afya zina orodha za wagonjwa. Kuziweka kumbukumbu hizo mezani pamoja kila mwezi hakuhitaji maabara mpya. Mwaka 2018, huko Yemen, utabiri uliotumia setilaiti ulisaidia UNICEF na serikali ya Uingereza kuchagua mahali pa kupeleka sabuni na vidonge vya klorini kabla ya mvua. Chanjo ya matone nayo ipo, na Zanzibar iliijaribu mwaka 2009 katika kampeni iliyolenga watu wapatao 50,000, ikaonekana kukinga vizuri. Tatizo ni kwamba tangu Oktoba 2022 uhaba duniani umelazimisha itolewe dozi moja badala ya mbili wakati wa milipuko, na nchi isiyojua hatari yake inakuja lini hupanga foleni ikiwa imechelewa.

Ile miezi 4 iliyoonekana kwenye takwimu za Zanzibar, hata ikiwa kwa mwaka fulani ni 3 au 2, ni muda mrefu kwa anayetaka kuutumia. Inatosha kupima klorini kwenye bomba la mwisho kabisa la mtaa badala ya kuipima mtamboni. Inatosha pia kushughulikia kitu ambacho kila mkazi wa mabondeni anakijua na hotuba hazikitaji: kutapisha vyoo. Masika yakianza, mwenye choo kilichojaa hutoboa shimo na kuuacha uchafu uende na mafuriko, kwa sababu gari la kunyonya haliingii kwenye uchochoro wake, na likiingia bei yake inamshinda. Uchafu huo hushuka mto Msimbazi na kwenda hadi baharini, kwa kopepodi. Halmashauri ikiwalipia wenye pampu za mkono na vigari vidogo waipite mitaa hiyo mwezi Januari na Februari, kabla mawingu hayajakusanyika, itatumia fedha. Itakuwa ni kulipa mapema gharama ile ile ambayo mwezi Mei hulipiwa mahema, dripu na magari ya kubebea wagonjwa.